Picha ya Kuliliwa

Tangu Wubshet apewe ile kamera na kaka yake aliyerudi kutoka Dubai, hapakuwa na mbuzi, mlango wala mgeni aliyepita karibu naye bila kupigwa picha. Likizo ikifika tu, mwalimu huyu wa jiografia wa Addis Ababa huyo safarini: leo yuko Harar anapiga kuta, kesho Bahir Dar anapiga ziwa, keshokutwa kapiga magoti barabarani mbele ya punda, na punda anamtazama kwa huruma. Akirudi huwatumia jamaa zake picha kwenye simu, nao, kwa kuwa ni jamaa, humsifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wubshet akaanza kuvaa ile fulana yenye mifuko mingi hata akitumwa vitunguu dukani.

Siri ya kazi yake, alivyopenda kuwaeleza watu bila kuulizwa, ilikuwa kuiamini mashine. Kamera aliiweka kwenye otomatiki siku ya kwanza na hakuigusa tena. "Wajapani wamemaliza akili zao zote humu ndani," alisema. "Mimi nani nibishane nao?"

Kwa hiyo mama mkwe wake, Weizero Asnakech, alipopanga kwenda Gondar kwa sikukuu ya Timkat, ya ubatizo wa Yesu, pamoja na wenzake wa mahber, chama chao cha kidini, mpiga picha hakutafutwa mbali. Mahber yao ni ya Mtakatifu Abbo. Kila mwezi, siku ya Abbo, wanawake hao hukutana nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu, wakala mkate uliobarikiwa, wakanywa pombe ya tella, wakasengenya watu kwa kiasi ambacho dini inaruhusu na kidogo zaidi.

Gondar ilikuwa nyeupe. Watu wote walijifunga netela, zile shuka nyeupe za pamba, tangu utosini hadi vifundoni. Jua la saa sita lilikuwa juu ya vichwa na maji ya bwawa la kifalme yakimeremeta chini. Wubshet alipiga picha mpaka kidole kikamuuma. Kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera hakikuonyesha kitu kwa ukali wa jua, lakini yeye alikuwa mtu wa imani.

Mwezi uliofuata zamu ilikuwa ya Asnakech. Tella ilipozunguka, Wubshet aliunganisha kamera na televisheni, akakohoa kidogo kama mtu anayetaka kuhutubia, akabonyeza.

Zile shuka zilitokea vizuri mno. Ungeweza kuhesabu nyuzi. Ndani ya shuka ndimo hamkuwa na mtu. Mahali pa nyuso palikuwa na weusi mtupu, kama jebena, birika la udongo la kahawa, iliyokaa jikoni miaka.

Wanawake walisogea mbele, shingo zikarefuka.

"Yule nani?"

"Yule aliyevaa viatu vyangu?"

"Basi si wewe huyo!"

"Na huyu wa katikati, mbona ni shuka imesimama peke yake?"

"Huyo Enanu. Huyaoni meno?"

Nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Etiye Enanu mwenyewe, mama mrefu, mwembamba, mweusi wa kung'aa, ambaye utani huo alikuwa ameuzoea tangu utotoni.

"Ni televisheni," Wubshet akasema, jasho likimtoka. "Televisheni yako imezeeka, Mama."

"Televisheni yangu jana ilikuwa na mtangazaji," Asnakech akamjibu, "na mtangazaji alikuwa na pua. Usiisingizie."

Wageni walipokuwa wakitafuta viatu vyao mlangoni, Etiye Enanu alirudi ndani. Wubshet alikuwa amechutama anakunja nyaya, hataki kumtazama mtu.

"Mwanangu, hakuna hata moja?"

"Hata moja ya nini, Etiye?"

"Yenye uso wangu." Alikaa ukingoni mwa kiti. "Ulikuwepo kwenye mazishi ya Tadelech? Uliiona ile picha waliyoibeba mbele ya jeneza?"

Wubshet aliikumbuka. Nani angeisahau? Watoto wa Tadelech hawakupata picha nyingine ya mama yao, wakachukua ya kitambulisho, wakaikuza, wakaikuza, mpaka marehemu akafanana na mwizi anayesakwa na polisi. Waliibeba juu kwenye fremu, watu wakalia, na katikati ya kilio ukasikia mtu anamnong'oneza mwenzake, "Huyu ndiye?"

"Mimi nina ya harusi, nina ya kitambulisho, nina ya ubatizo wa mwanangu," Enanu akasema. "Zote ni meno. Siku yangu ikifika watainua fremu, walie nini? Walie meno?" Alicheka tena, lakini mkono wake ulikuwa umeshika mkono wa shati la Wubshet na haukuachia. "Gondar nilikwenda kwa ajili ya hiyo. Mungu anisamehe, wala si kwa ajili ya Timkat."

Hapo Wubshet angesema, "Etiye, nimekosea." Mdomo ulikuwa wake na ulimi ulikuwa wake. Badala yake akasema maneno ambayo kila mpiga picha wa kujifunza huyasema akiharibu kazi:

"Usijali. Picha ipo, inataka kuhaririwa tu."

Jumamosi alijifungia na kompyuta. Alisogeza mwanga mbele kidogo. Uso ukatoka kijivu, umejaa chembechembe kama punje za teff zilizomwagika kwenye majivu. Akaongeza rangi, uso ukawa mwekundu kama pilipili ya berbere. Akapunguza, akaongeza, akakuna kichwa. Kisha akawakumbuka wale wa studio za harusi, ambako bibi harusi huingia na rangi yake na kutoka na ya mwingine, naye akashika njia hiyohiyo. Ngozi aliing'arisha. Mikunjo akaifuta. Na kwa kuwa mkono ulishapata moto, anga la Gondar akaliondoa kabisa, akaweka la Bahir Dar, ambalo siku ile lilikuwa na wingu zuri.

Mkewe Tsion alipita na beseni la nguo. "Nani huyo?"

"Etiye Enanu."

"Enanu wa wapi?"

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini Wubshet wakati ule alikuwa na macho ya kujipenda tu. Alikwenda kuichapisha kubwa, akaitia kwenye fremu ya dhahabu ya bandia, akampitia mama mkwe wake ili apate shahidi wa ushindi, wakaenda wote nyumbani kwa Enanu.

Enanu aliishika fremu kwa mikono miwili. Akaigeuza upande wa dirisha, akaigeuza upande wa mlango, akaileta karibu, akaipeleka mbali. Alikuwa anatafuta kitu.

"Ni mama mzuri," alisema mwishowe, kwa adabu. "Ana watoto?"

"Umempaka chokaa!" Asnakech akapiga kelele. "Wubshet! Umemchukua mwenzangu na rangi yake aliyopewa na Mungu ukampaka chokaa kama ukuta wa shule!"

"Mama, nimeongeza mwanga tu..."

"Kwa hiyo mimi nitazikwa," Enanu akasema taratibu, "halafu atakayeliliwa ni huyu."

Safari hii hakucheka mtu. Afadhali Enanu angemtukana. Alipika kahawa, akammiminia Wubshet kikombe cha kwanza, cha pili, na cha tatu cha baraka, akamwekea na bisi, akamshukuru kwa taabu yake. Aibu ilimpanda Wubshet mpaka masikioni. Alirudi nyumbani bila kupiga picha hata moja njiani, na kuna punda wawili aliwapita.

"Lile giza la pichani halikuwa na kitu ndani," alimwambia Tsion. "Nimevuta, nimevuta, hakuna cha kuvutika. Mwanga haukuingia. Nilichofanya ni kutunga uongo."

"Ilikuwa nikwambie."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza Enanu wa wapi."

Maji yakimwagika hayazoleki, na mwanga ambao kamera haikuuteka kompyuta haiwezi kuuzaa. Lililobaki ni kujua kwa nini haukuingia. Wubshet aliichukua jebena, akatandika netela ya Tsion uani, akaiweka jebena juu yake katikati ya jua, akapiga. Shuka ikatoka safi, jebena ikafa. Akaitoa kwenye shuka, akaiweka juu ya udongo, jua lilelile, kamera ileile. Jebena ikafufuka: shingo, mpini, mpaka ule ufa wa mdomoni alioufanya yeye mwenyewe na akamsingizia paka.

Alirudia, asiamini. Shuka: imekufa. Udongo: imefufuka. Ndipo akaelewa. Kamera ilikuwa inauogopa weupe. Ikiona shuka nyingi nyeupe hudhani dunia inaungua, nayo hufumba jicho upesi kama mtu aliyemulikwa usoni, na kila kilicho cheusi kikaachwa gizani. Wajapani walikuwa na akili, hilo halina ubishi, lakini hawakuwahi kusimama Gondar siku ya Timkat.

Akaizima otomatiki. Akaelekeza kipimo cha mwanga kwenye tumbo la jebena, akakifuata kinavyosema, akapiga tena juu ya shuka. Jebena ikatoka nzima. Shuka ikageuka mwanga mtupu, haina uzi hata mmoja.

Tsion alichungulia. "Netela yangu imeungua."

"Lazima kitu kiungue, Tsion. Jua ni kali, huwezi kupata vyote."

"Basi chagua kisiwe changu. Na nipe jebena yangu, nina wageni."

Akaikwapua, akaiweka kizingitini, kivulini, akainama kuikunja netela mbele yake. Wubshet alikuwa anafungua mdomo kulalamika akakuta haufungi. Kile kitambaa kilikuwa kinalipokea jua la uani na kulirudisha taratibu kivulini. Tumbo la jebena lilikuwa linang'aa kwa upole, na weusi wake ulionekana kuwa si mmoja. Ulikuwa na bluu, na kahawia, na wekundu kidogo.

"Usisogee!"

"Nina wageni, Wube."

"Tsion, kwa jina la Abbo, usisogee!"

Wageni walipobisha hodi walimkuta mwenye nyumba kalala kifudifudi anaipiga picha jebena, na mkewe kasimama na shuka kama mlingoti. Habari hiyo ilifika kwa mama mkwe kabla kahawa haijachemka.

Sikukuu kubwa ya Abbo huangukia mwezi wa Megabit, yaani katikati ya Machi, na watu hupanda mlima Zuqualla mpaka juu, ambako kuna kanisa na ziwa ndani ya kinywa cha mlima. Mahber nzima ilipanda. Wubshet naye alipanda, akihema, kamera kifuani, na njia nzima akimwandama Etiye Enanu.

"Etiye, moja tu."

"Umekuja na yule mama?"

"Nimemwacha nyumbani."

"Msalimie. Mwambie mazishi yake yako tayari."

Alistahili. Lakini hakumwacha, na karibu na kanisa Enanu alichoka kumkimbia. Mwanamke akitaka kitu kwa muda mrefu hachukii moja kwa moja. Alijifunga netela upya, akaenda kusimama ukingoni, ziwa likiwa nyuma yake na jua usoni, akakunja macho kama mtu anayemenya kitunguu.

"Hapo hapana, Etiye. Njoo kivulini, chini ya ukingo wa paa la kanisa."

"Kivulini? Mimi? Unataka nipotee kabisa?"

"Picha ni jua!" wanawake wakapaza sauti.

"Jua ndilo lililotumeza Gondar!" Wubshet akapaza ya kwake. Kwa miaka yote aliyooa nyumba ile, hakuwahi kumpigia kelele mtu wa mahber. "Etiye kivulini. Nyinyi wengine juani, mbele yake. Fungueni netela zenu, mzishike juu kama ukuta. Mama, na wewe."

Asnakech alimtazama mkwewe kama aliyeona kiti kinazungumza, kisha akafungua netela yake.

Ukuta ukasimama. Jua likaupiga, ukalirudisha chini ya ukingo wa paa, na uso wa Enanu ukaanza kuja. Tatizo ni kwamba mahujaji nao walikuwa na macho. Wanawake wameinua shuka kanisani, katikati kuna mama kasimama kimya: ni nini hicho kama si muujiza?

"Kuna nini?"

"Nasikia kuna mtu ameponywa."

"Alikuwa kipofu?"

"Kiwete! Huoni amesimama?"

Vigelegele vikaanza upande wa nyuma. Bibi mmoja akapenya chini ya shuka, akashika pindo la nguo ya Enanu, akalibusu. Enanu akataka kumwinua, Wubshet akamsihi asitikisike. Shemasi akaja na fimbo yake ndefu, uso umekunjamana.

"Mnafanya nini kwenye ukuta wa kanisa?"

"Tunapiga picha ya msiba, baba," Asnakech akamjibu kwa heshima kubwa.

Shemasi akavua kofia. "Poleni sana. Nani amefariki?"

Asnakech akamwonyesha Enanu kwa kidevu. "Huyu. Bado."

Enanu alikuwa ameapa kwamba hatacheka. Marehemu hacheki, alikuwa amesema, na yale meno yameshapigwa picha vya kutosha. Basi aliifunga midomo kwa nguvu zake zote, na kicheko, kwa kukosa mlango, kikamjaa machoni.

Wubshet alipima mwanga shavuni mwake. Kamera ikamwonya: ukipiga hivi, shuka kichwani itaungua pembeni, na lile ziwa linaloonekana nyuma yake, pembeni mwa ukuta wa kanisa, litageuka weupe mtupu. Moyo ulimuuma. Ziwa lile amelifundisha darasani kila mwaka, amepanda mlima mzima, na lilikuwa zuri kuliko kitu chochote alichowahi kukielekezea kamera. Mtaka yote hukosa yote. Akaliacha ziwa liende, akapiga.

Nyumbani aliifungua picha kwenye kompyuta. Enanu alikuwemo. Mashavu yake, paji lake la uso, ule weusi wa rangi nyingi, na shingoni yale maduara ya kijani ya chale aliyochorwa akiwa msichana, ambayo hakuna picha iliyowahi kuyaona. Kidole cha Wubshet kikaanza kuwasha. Mikunjo ile ya chini ya macho, si angepunguza kidogo? Na ziwa, si analo jingine zuri la Bahir Dar?

"Ukigusa mkunjo mmoja," Tsion akasema nyuma ya bega lake, "nahamia kwa mama."

Wubshet aliongeza mwanga kiasi cha chumvi kwenye yai. Akapunguza ukali wa weupe pembeni mwa netela mpaka nyuzi chache zikarudi. Akakata ukingo mmoja, kiwiko cha mama mkwe wake kilipokuwa kimejitokeza, na tendo hilo alilifanya kwa furaha isiyo na sababu ya kisanii. Kisha akaweka mikono chini ya mapaja ili isimponze.

Enanu aliifungua karatasi iliyofungiwa picha akiwa amekaa kwenye kigoda chake cha kahawa, ubani ukifuka. Asnakech, aliyekuja bila kualikwa, alitangulia kutia neno.

"Ziwa liko wapi? Tumepanda mlima mzima! Na kiwiko changu?"

Enanu alikuwa ameiweka picha magotini. Aligusa shingo yake, kisha akagusa shingo ya pichani, duara kwa duara.

"Huyu ni mimi," akasema.

Wubshet alingoja. Kikombe kilikuwa mkononi mwake na hakujua akiweke wapi.

"Gizachew alikuwa ananiambia kila asubuhi," Enanu akaendelea, na wote walijua kwamba anamsema mumewe, aliyezikwa zamani. "Kila asubuhi alikuwa ananitazama hivi, ananiambia, Enanu, wewe ni mzuri sana. Nami namjibu, toka hapa, mwongo mkubwa wewe, nenda ukatazame picha ya harusi."

"Kwani hukuwa na kioo?" Asnakech akauliza, lakini kwa sauti ndogo.

"Kioo mtu hujitazama akiwa na haraka, Asnakech. Unatazama kama nywele zimekaa, unaondoka. Mimi niliamini picha." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Hata wiki ile aliyokufa aliniambia. Na mimi nikamwambia mwongo."

Wubshet alilia, na hakuona haya. Asnakech alimpokonya kikombe kabla hakijamwagika, akakiweka chini, akaendelea kumshika mkwewe mkono kana kwamba amesahau kuuachia.

Kahawa ya pili ilipokuwa tayari, Tsion, aliyekuja na mumewe na kusimama mlangoni, aliuliza kama picha ifungwe tena kwenye karatasi ikawekwe kabatini mpaka siku yake.

"Siku gani?" Enanu akasema. "Waje kuichukua hapo hapo ukutani, watajua wenyewe." Alisimama, akauonyesha ukuta wa mbele, ambako mwanamume mwenye masharubu alikuwa anatazama kutoka kwenye fremu ya zamani. "Nitundikie pale, mwanangu, karibu naye. Nataka nimwombe radhi."

Wubshet akaenda kutafuta nyundo.